Msimu wa Jozi

Ganda bichi la jozi ukilipasua
hutoa maji mepesi, yasiyo na rangi, ya kudanganya.
Unakunywa chai, unageuka,
vidole vimekuwa vyeusi.

Huku Arslanbob hatuulizani.
Mwezi wa kumi hata mwalimu Ergash
hushika chaki kwa mkono kama makaa,
hata mtoto wa kunyonya ana alama shavuni
pale mama alipompapasa.

Mwaka huu niliokota peke yangu.
Zulhumor ndiye aliyekuwa akipanda,
mwanamke wa miaka hamsini na sita,
suruali ya marehemu mumewe chini ya gauni,
anatikisa tawi huku akicheka,
nami chini nimejikinga kichwa kwa sufuria, namtukana.
Alikufa Machi, theluji ikiwa bado mlangoni.
Jozi ni tunda. Jozi pia ni viwili viendavyo pamoja,
kama viatu.
Nimebaki kiatu.

Wakaniambia: jikaze.
Wakaniambia: fulani kafiwa na watoto wawili, mbona anatabasamu?
Doniyor, mwanawe, akanitumia kutoka Kazan
video za paka wanaoanguka mezani,
arobaini kwa siku moja, maskini,
naye huko usiku analala na simu kifuani.
Basi nikacheka. Nilicheka kwa bidii
mpaka mbuzi wakaacha kutafuna, wakanitazama.

Kisha harusi, mjini Osh, ambako mikono ni misafi.
Wifi yangu Muattar akaja na limau,
akaja na majivu, akaja na mafuta ya taa:
"Hivyo huendi. Watu watasemaje?"
Nikasugua.
Weusi haukutoka. Ilitoka ngozi.
Damu ikachungulia, nyekundu, katikati ya weusi,
na weusi upo palepale, umekaa,
kama mwenye nyumba anayekutazama ukigonga.

Nilivaa glavu nyeupe. Jaribu wewe
kumega mkate na glavu.
Nikazivua, nikazikalia.
Bibi wa bwana harusi, macho yake yameingia ukungu,
alinishika mkono kunisalimu, asiuachie.
Akaunusa.
"Msitu ulizaa?"
Ulizaa, mama. Magunia saba.
"Na juu alipanda nani?"

Hapo.
Hapo hapo, juu ya pilau ya watu,
mbele ya ngoma na keki ya orofa tatu,
nililia kama bomba lililopasuka kwa baridi.
Muattar alitamani ardhi immeze.
Yule bibi hakuniambia nyamaza.
Hakuniambia lolote. Alinisogezea bakuli la chai
akaendelea kula, polepole,
kama mtu aliyeketi kibarazani, mvua inanyesha,
na hana safari.

Nilipomaliza nilikuwa na njaa.
Nilikula sahani mbili. Nyama ilikuwa na chumvi.
Tangu Machi sikuwahi kujua kama chakula kina chumvi.

Sasa ni Januari. Ngozi imejibadilisha yenyewe
bila kuniomba ruhusa.
Weusi uliobaki unapanda na kucha,
kila Ijumaa nakata kipande chembamba kama mwezi mchanga,
nakitia jikoni motoni.
Sarvinoz, mjukuu wangu, aliuliza, "Bibi, inauma?"
Nikafikiri kwanza, maana huyu hukumbuka majibu.
Nikamwambia: iliuma nilipoisugua.
Na sasa?
Sasa ni mikono iliyookota jozi.

Kimebaki kidole gumba cha kulia, ukingoni.
Jana nilijikuta nakificha nisije nikakikata mapema.
Usiku mwingine nalia tena, si sana,
kiasi cha mto kuhitaji kugeuzwa;
naugeuza, nalala.

Septemba itakuja, na yule mti hautajitikisa.
Suruali ipo sandukuni.
Nimeijaribu. Kiunoni inanibana kidogo.
Nimehamisha kifungo.